Tabasamu, Ila Funga Mdomo

Pale Usa River kuna mpiga picha ambaye amepiga harusi, vipaimara na mahafali ya karibu kila ukoo wa huku kwetu juu. Akishawapanga watu, warefu nyuma na watoto mbele, anainua kamera na kusema, "Haya, tabasamu, ila funga mdomo." Hakuna anayeuliza. Tumeshazoea. Mwaka mmoja, kwenye mahafali ya darasa la saba, alikuwapo mwalimu mgeni aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka Songea. Akauliza kwa sauti, "Tufunge mdomo kwa nini, tuko msibani?" Kimya. Mpiga picha akashusha kamera, akamwangalia, akasema, "Samahani mwalimu. Wewe fungua tu."

Picha hiyo ninayo. Watu wazima kwa watoto, midomo imebanwa kama waliolamba ndimu, na mmoja katikati meno nje, meupe pee.

Meno yangu ya mbele yana rangi ya chai isiyo na maziwa, na mawili ya juu yana vishimo kama yamedonolewa na kuku. Ya marehemu baba yalikuwa hivyohivyo. Ya mama ni meupe mpaka leo, na amekunywa maji ya bomba lilelile karibu miaka hamsini. Utotoni niliamini ni mambo ya mswaki. Mama ni mtu wa Lushoto, na kwa maelezo yake mwenyewe watu wa Lushoto wanajua kila kitu, kupiga mswaki kukiwemo. Basi nikasugua. Nilisugua kwa mswaki wa mti, kwa mkaa, kwa majivu, na siku moja kwa mchanga, mpaka fizi zikatoa damu. Rangi ikabaki palepale. Haiwezi kutoka, maana haikupakwa juu ya jino, imo humo ndani. Floraidi, madini yaliyojaa kwenye maji yetu, huliharibu jino linapojengwa, likiwa bado limejificha kwenye ufizi, tangu mtoto anapozaliwa hadi afike miaka minane hivi. Mama aliletwa huku akiwa na miaka ishirini na mmoja, meno yake yakiwa yamekwisha kujengwa Usambara. Maji yetu yalimfikia yamechelewa.

Nilipokwenda kusoma Moshi, siku ya kwanza bwenini kijana wa Kibosho aliniuliza, "Wewe wa Arusha?" Nikamuuliza amejuaje. Akajibu, "Si umecheka." Wao wamekulia maji ya chemchemi za Kilimanjaro. Si kwamba mkoa wote umesalimika, ukishuka tambarare za Hai nako kuna visima vyenye madini, lakini pale bwenini mimi ndiye niliyekuwa nacheka nimefunika mdomo kwa kiganja. Tabia hiyo ninayo hadi leo. Nikiwa kwenye kikao na mtu akanichekesha, mkono unapanda wenyewe.

Chanzo ni mlima. Meru ni volkano, na mawe na majivu yake yamejaa floraidi. Mvua inanyesha juu, maji yanapenya chini, na kadiri yanavyokawia ndani ya mwamba ndivyo yanavyozidi kuibeba. Ndiyo maana mara nyingi chemchemi za msituni zina nafuu kuliko visima virefu vya huku chini. Kwenye maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Arusha, inafika mamia ya miligramu kwa lita. Wageni wakifika pale Maji ya Chai wanadhani ile rangi ya chai ya mto ndiyo floraidi. Hapana. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ungeweza kuitambua kwa ulimi, tusingekuwa na shida hii.

Kuna dalili moja tu ambayo hata bibi zetu waliijua bila kujua wanachokijua: povu. Maji yetu yanapenda sabuni. Kipande kidogo cha mche kinafua nguo za wiki nzima, na wanawake walioolewa kutoka sehemu za maji magumu husifia hilo kabla ya kusifia kitu kingine chochote, mume akiwemo. Kumbe povu lile linatuambia jambo. Maji yenye kalsiamu nyingi hukamatana na floraidi na kuituliza, na maji ya namna hiyo ndiyo yanayokula sabuni. Ya kwetu kalsiamu yake ni kidogo, kwa hiyo sabuni inatoa povu na floraidi inabaki inaelea huru. Tulikuwa tunayasifia maji kwa kosa lake.

Nimekuwa katibu wa kamati ya maji ya kwetu kwa miaka sita sasa. Tuna kisima kimoja, pampu moja, tanki la lita 50,000 na vituo kumi na kimoja vya kuchotea. Chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, jumuiya kama yetu ziko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakati mamlaka za mijini zinadhibitiwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kazi ya katibu ni kuandika mihtasari, kutunza leja na kutukanwa umeme ukikatika. Nilipokabidhiwa ofisi, yaani chumba chenye meza na jogoo wa jirani, ukutani kulikuwa na karatasi ya maabara ya miaka ya nyuma, imebandikwa kwa gundi ya unga. Mstari wa floraidi ulisomeka: kipimo 3.6, kiwango 4.0, yanafaa.

Mwaka uliofuata tukapeleka sampuli nyingine. Karatasi ikarudi: kipimo 3.5, kiwango 1.5, hayafai.

Nilizishika karatasi zile mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, nikazisoma kama mtu anayetafuta tofauti kwenye noti bandia. Maji yalikuwa yaleyale, hata yamepungua nukta moja. Kilichohama ni mstari.

Nilianza kuulizauliza, na historia yake ni hii. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema 1.5 tangu 1984. Sisi, miaka ya 1970, tulijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Baadaye kikashushwa hadi 4. Ni mwaka 2018 ndipo kiwango cha taifa kilipofika 1.5. Ukisikia haraka utadhani kuna mtu alikuwa amelala ofisini. Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Kisima chetu ni mtoto wa mpango huo. Kabla yake watu walikuwa wanachota mfereji mmoja na ng'ombe, na kipindupindu hakikuulizi habari ya rangi ya meno. Mtu aliyekaa mezani wakati ule akiwa na kalamu, mbele yake visima vya Arusha, Singida na Shinyanga, angeandika 1.5 angekuwa amevifunga vingi kwa siku moja. Akaandika 8. Mimi nisingeandika tofauti, nadhani. Ila naomba ieleweke kwamba ile 8 haikuwa kipimo cha afya. Ilikuwa kipimo cha mfuko. Na kuna watu waliibeba mdomoni. Mimi ni mtoto wa kiwango cha nane. Mdogo wangu wa mwisho ni mtoto wa kiwango cha nne. Tukicheka pamoja hutajua nani ni nani, maana kisima ni kilekile.

Kikao cha kuwaeleza watu kilifanyika chini ya mti wa mruka, Jumamosi baada ya soko. Nilijiandaa vizuri, nikaeleza miligramu, nikaeleza kiwango. Nilipomaliza mzee mmoja akainuka kwa fimbo yake. "Katibu, mwanangu, mimi nina miaka sabini na minane. Maji haya nimeyanywa tangu yalipofika. Jana nimetafuna gunzi la mahindi ya kuchoma." Watu wakapiga makofi. Nikamjibu, "Shikamoo mzee, nashukuru. Naomba nikuulize, magoti yako vipi?" Akaniangalia muda mrefu. "Magoti ni uzee," akasema, akakaa. Huenda ni kweli. Floraidi nyingi kwa miaka mingi hukaza viungo na mgongo, lakini uzee nao hufanya hivyohivyo, na mimi si daktari. Swali lile lilikuwa la kihuni kidogo na baadaye nilimfuata nyumbani nikamwomba radhi. Akanipa ndizi.

Aliyenibana hasa alikuwa mama mmoja muuza mboga. Akauliza, "Kwa hiyo mnafunga bomba?" Nikasema hapana. "Basi mmetuitia nini?"

Sikuwa na jibu siku hiyo.

Juu yetu, mpakani mwa msitu, kuna chemchemi. Tulipoipima ilikuwa na 0.6. Kwenye daftari langu nikapiga hesabu: ukichanganya ndoo tatu za kisima na ndoo saba za chemchemi unapata 1.47, chini kidogo tu ya mstari wenyewe. Nilifurahi mpaka nikaamka usiku kuirudia. Ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba chemchemi ikifika Februari inatoa maji kama ya mtu anayekojoa kwa shida, na ndoo saba hazipatikani. Halafu kuna la pili. Kisima kirefu hakina vimelea. Kila mara tumepata sifuri kwenye mililita mia, kama kiwango kinavyotaka. Chemchemi iko wazi, mbuzi wanapita, na majibu yake ya vimelea sitayaandika hapa kwa heshima ya wanaoipenda. Kwa hiyo tukiyachanganya tunanunua meno na kuuza matumbo, isipokuwa tutie klorini.

Klorini tukatia. Ya unga, ile yenye nguvu ya asilimia 65 hivi. Kwa tanki la lita 50,000, kipimo cha miligramu mbili kwa lita, ni gramu 150 na ushee, na mlinzi wa pampu anazipima kwa mizani ya sukari aliyoazima dukani kwa shemeji yake. Anaukoroga unga kwenye ndoo, anauacha utulie, anamimina maji ya juu na kuacha machicha. Baada ya nusu saa au zaidi tunachukua maji kwenye kituo cha mwisho kabisa, tunatia kidonge kwenye kichupa, na maji yakigeuka waridi tunalinganisha rangi na kibao. Waridi hafifu, kati ya 0.2 na 0.5, ndiyo tunayoitaka. Wiki ya kwanza ilitoka waridi ya gauni la harusi, na simu yangu haikunyamaza. "Katibu, mmeweka jiki?" Wiki ya pili haikutoka rangi yoyote, na hakuna aliyepiga simu.

Hilo ndilo linalonisumbua katika kazi hii. Watu wanalalamikia klorini kwa sababu wanaisikia puani. Floraidi haijawahi kulalamikiwa na mtu hata mmoja pale ofisini.

Nako kupeleka sampuli ni safari. Unabeba chupa mbili. Ya floraidi ni ya plastiki, maana floraidi na kioo hawapatani. Ya vimelea inatoka maabara imeshatakaswa kwa joto. Unafungua bomba, unaacha maji yatiririke, unafunga, unachoma mdomo wa bomba kwa pamba iliyolowekwa spiriti, unafungua tena, unajaza bila kugusa ndani ya kifuniko wala kuongea juu yake, na unaacha nafasi kidogo ya hewa. Kisha barafu, kisha mbio, kwa kuwa isipofika maabara ndani ya saa ishirini na nne majibu hayana maana. Mimi huazima kisanduku cha kijana anayeuza aiskrimu, naning'inia nacho nyuma ya bodaboda hadi barabara kuu. Mara moja askari wa barabarani alitusimamisha, akafungua, akaona chupa ya maji kwenye barafu. "Haya maji ni ya nani?" Nikamwambia ni ya kijiji. Akafunga kisanduku polepole.

Majumbani kila mtu na imani yake. Wengi wanachemsha. Kuchemsha kunaua vimelea, na ni jambo jema, ila floraidi haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki, kwa hiyo chai iliyosahaulika jikoni ina floraidi zaidi ya ile uliyoanza nayo, na majani ya chai nayo yanaongeza ya kwao. Jirani yangu alinunua mashine ya kuchuja kwa fundi mmoja aliyemhakikishia kwamba "inatoa madini yote". Nilimpimia. Iliingia 3.5, ikatoka 3.5. Maji yalikuwa maangavu sana, lazima niseme.

Kinachofanya kazi tunakijua, na kimetengenezewa huku huku. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, inashindiliwa kwenye ndoo, na maji yanapita humo yakiacha floraidi kwenye mfupa. Ukizidisha moto, mkaa unakuwa mweupe na nguvu yake inakwisha. Ukipunguza, maji yananuka supu ya jana. Ukipatia unatoka mweusi, mkavu, ukiumwaga unalia kama kokoto. Wapo pia waliokwenda njia nyingine: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio lake. Na mjini wenzetu walipata mradi wa shilingi bilioni 520 wa visima vipya. Sisi tuna ndoo.

Ndoo yenyewe niliileta nyumbani usiku, kwa sababu nilijua kutakuwa na kesi. Mama akaizunguka. "Ni mifupa ya nini?" Ya ng'ombe, mama. "Una hakika si ya mdudu?" Mama ni Mwislamu, na kwa mdudu alimaanisha nguruwe. Nina hakika, mama, nimeiona. "Umeiona ikichinjwa?" Hapo nikanyamaza. Ikabidi siku ya pili nimpandishe daladala hadi Ngurdoto aulize mwenyewe. Alirudi ameridhika kuhusu mifupa na hakuridhika kuhusu mfumo wa maisha wa vijana waliokuwa pale.

Ubaya wa mkaa huu ni kwamba ukichoka haukwambii. Maji yanaendelea kutoka, matamu, maangavu, na floraidi inapita kama hakuna mlinzi. Usipopima huwezi kujua. Nimeandika kwa chaki ukutani tarehe ya kuubadilisha, na lita tunazotumia kwa siku: ishirini, za kunywa na kupikia tu. Kufua na kuoga tunatumia ya bomba, povu letu hatujaliacha.

Vita niliyoshindwa ni ya magadi. Mama hapiki makande bila magadi, yale ya kutoka upande wa Ziwa Natron, na magadi nayo yana floraidi. Nikamwambia tunachuja maji halafu tunarudisha kwa mkono mwingine. Akasema, "Maharage bila magadi yanakula debe la mkaa. Wewe ndiye utakayenunua mkaa?" Tulifikia mapatano: magadi kwenye chungu cha wakubwa, cha mtoto kinapikwa kando. Mapatano hayo yanadumu siku ninazokuwapo nyumbani.

Mtoto mwenyewe ni binti yangu wa mwisho, ana miaka sita na miezi minane. Meno ya utoto ya mbele yalianguka mwezi mmoja, akayatupa juu ya bati. Tangu hapo kila asubuhi kabla hajaenda shule namwambia afungue mdomo, namulika kwa tochi ya simu. Mama yake ananiambia niache, namtia mtoto wasiwasi. Ana haki. Jino la mbele linaloota sasa lilianza kujengwa akiwa na miezi michache na likamalizika akiwa na miaka minne au mitano. Ndoo ya mkaa iliingia nyumbani alipokuwa na mitatu. Nusu ya jino ni ya kabla yake na nusu ni ya baada yake, na hakuna tochi ya kulibadilisha.

Juzi Jumanne lilikuwa limetokeza vya kutosha. Nikapiga magoti sakafuni, nikamulika. Ncha ina mistari midogo myeupe ya kulalia, kama mtu aliyepitisha chaki kwa wepesi. Juu ya hapo, karibu na ufizi, sikuona kitu, lakini ni sehemu ndogo bado.

"Baba, liko zuri?"

Nikamwambia liko zuri. Akanichekea, mdomo wazi, akachukua begi akakimbilia gari la shule. Ukutani chaki inasema mkaa ubadilishwe tarehe kumi na nne.